Mfupa mzito si lazima uwe kisukuku

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Mokowe. Katika Ghuba ya Manda, upande wa bara ambako sijawahi kumwona mtafiti, nimeokota kitu kama ubavu, cheusi na kizito kama jiwe. Nimekutumia picha. Je, ni kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhika ardhini? Na nikitaka visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo, niangalie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nilipoziona picha zako, wa kwanza kunijia akilini ni nguva, yule mnyama mkubwa wa baharini anayenyonyesha.

Mbavu za nguva ni nzito ajabu hata akiwa amekufa juzi. Hazina uwazi wa uboho. Ni mfupa mtupu toka nje hadi ndani, na uzito huo humsaidia kukaa chini anapokula nyasi za bahari. Tazama pale ubavu wako ulipovunjika. Ubavu wa ng'ombe ungeonyesha ukuta mwembamba na sponji katikati, wako umejaa tele. Weusi nao usikudanganye: matope ya mikoko hayana hewa, na mfupa uliozikwa humo hubadilika rangi bila kungoja maelfu ya miaka.

Watu watakwambia uulambe, ukinata ulimini basi ni wa kale. Mfupa wowote mkavu wenye vinyweleo hunata. Afadhali uchukue chembe iliyokwisha dondoka uiguse kwa sindano ya moto. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua, protini bado imo, na huo si wa kale sana. Kama kuna jiwe lililoganda juu yake, usilibandue, ni ushahidi, ingawa nalo lina hila zake: mchanga wa pwani hushikana kwa chokaa upesi kiasi kwamba chupa za kioo zimekutwa ndani ya miamba ya aina hiyo.

Sasa pa kutafuta. Mwamba wa ukingoni kwenu ni matumbawe ya kale, mengi yake ya miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Dinosaria wasahau, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Ndani ya matumbawe yenyewe utaona makombe tele na mifupa michache mno. Mimi ningeanza na nyufa na mapango madogo yaliyojaa udongo mwekundu ulioganda, maana wanyama wa nchi kavu hutumbukia humo au huburutwa na fisi, na chokaa huhifadhi mfupa vizuri. Wakata mawe wa Maweni, kule Manda, huzipasua nyufa kama hizo kazini. Kaa nao, waulize wameona nini.

Ufukweni tafuta meno kabla ya mifupa, kwa kuwa ndiyo hudumu: ya papa, na vibamba vya kusagia vya taa na bunju, ambavyo wengi huvipita wakidhani ni vipande vya kombe. Nenda siku za bamvua, bahari ikiwa imetoka mbali, asubuhi. Jua likiwa chini, kivuli huchora umbo ambalo saa sita mchana hulioni.

Ukikuta kitu kimekwama mwambani, usikichokoe. Kipige picha na sarafu kando yake, uhifadhi mahali hapo kwenye simu, uandike kimetoka tabaka lipi la mwamba au udongo. Bila tabaka, hata kisukuku cha kweli hubaki pambo la sebuleni. Ndiyo maana siuamini mchanga wa karibu na bandari mpya ya Lamu: sakafu ya bahari ilichimbwa na kuhamishwa.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inamtaka aliyekuta kitu cha kale atoe taarifa ndani ya siku saba. Kuchimba bila leseni ni kosa. Kwa hiyo ufunge ubavu wako kwa kitambaa chenye unyevu, usiuanike juani, kwani chumvi iliyomo ikikauka huupasua, kisha vuka Amu uupeleke Makumbusho ya Lamu pamoja na picha zako. Wakisema ni wa nguva wa juzi, waarifu pia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya: nguva wamebaki wachache mno Kenya, na mahali alipofia mmoja wao ni habari wanayoihitaji.