Kabla ya kalkulasi, rekebisha aljebra

Mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) anayekosa swali la kalkulasi, mara nyingi kalkulasi yenyewe ameielewa. Alama zimepotelea kwenye mabano, sehemu na vipeo, mambo aliyoyaacha nyuma zamani akidhani yamekwisha.

Chukua swali la mwanzo kabisa: tafuta mwinamo wa f(x) = 1/x kwa kanuni ya msingi, yaani [f(x+h) − f(x)] ÷ h, h ikikaribia 0. Unaandika [1/(x+h) − 1/x] ÷ h. Kazi iliyopo hapo ni kutoa sehemu tu. Asili ya pamoja ni x(x+h), na kiasi ni x − (x+h). Asiyeweka mabano huandika x − x + h, anabaki na h badala ya −h, na jibu linatoka 1/x² badala ya −1/x². Angechora grafu angejishtukia: 1/x inashuka, mwinamo wake utakuwaje chanya? Tena, h ifutike juu na chini kabla hujaweka h = 0. Ukiwahi kuiweka, unapata 0/0 na swali limekufa.

Vipeo navyo vina mtego wake. 1/√x lazima uione mara moja kama x^(−1/2), maana ukitafuta mwinamo unapunguza 1 kwenye kipeo: −1/2 − 1 ni −3/2. Wengi huandika 1/2.

Kwenye trigonometria, zoea radiani. Kikomo cha sin x ÷ x, x ikikaribia 0, ni 1 kwa radiani tu. Kikokotoo kikiwa kwenye digrii, sin 0.01 ÷ 0.01 kinakupa 0.01745, nawe unaanza kulaumu kitabu.

Logi: ln(a+b) si ln a + ln b. Basi.

Jipime kwa dakika 20 bila kikokotoo. Panua (x+h)³; rahisisha (x²−9)/(x−3); tatua 2x² − 5x − 3 = 0; kama f(x) = x² − 3x, andika f(x+h) yote, ukikumbuka kwamba −3 inazidisha h pia; geuza digrii 150 kuwa radiani. Ukikosa mawili, rudia mada hizo wiki moja, maswali kumi kwa siku, ukiandika kila hatua kwenye mstari wake. Matriksi na takwimu zinaweza kusubiri.