Kufufua Chumba cha Rubani cha Ndege ya Kale: Rangi Baadaye

Msomaji ametuma picha ya chumba cha rubani cha ndege ya miaka ya 1940. Viti vimeshatolewa, msasa uko tayari, na anauliza swali moja tu: rangi gani inafaa? Ndugu yangu, msasa huo uweke chini kwanza.

Anza na mita. Namba na mishale yenye rangi nene iliyogeuka kahawia huenda imepakwa radiamu, metali inayotoa mionzi. Wengi hudhani kwamba ikiacha kung'aa gizani imekwisha nguvu. Sivyo. Kilichochakaa ni zinki salfaidi, kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga; radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo karibu yote bado imo. Usifungue mita hiyo wala kuipuliza vumbi: ukivuta au kumeza unga wake, radiamu hujikusanya mifupani. Pima kwa kipima mionzi, ibandike lebo, itie kwenye mfuko uliofungwa vizuri, kisha mpelekee fundi mwenye kibali cha kazi hiyo.

Adui wa pili ni ile rangi ya msingi ya kijani au manjano iliyopakwa kwenye alumini. Mara nyingi ni zinki kromati, na vumbi lake husababisha saratani. Usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe, vaa barakoa yenye kichujio cha vumbi laini cha P100, na tope lake likusanywe kama taka ya sumu.

Sufi ya chuma nayo isikaribie alumini. Vipande vidogo hubaki kwenye mikwaruzo, na unyevu ukiingia kutu huanzia hapo hapo. Tumia pedi za nailoni. Fungua sakafu pia, maana mkojo wa panya hula bati kimyakimya. Unga mweupe wa juu juu, yaani kutu ya alumini, husafishika. Alumini iliyovimba na kuachana kama kurasa za kitabu kilicholowa haipakwi rangi, inakatwa na kubadilishwa.

Kabla ya kung'oa dashibodi, piga picha ukiwa umeweka rula pembeni, nyuma na mbele, pamoja na vibandiko vyote vya maonyo. Kila waya upate lebo ncha zote mbili. Waya wa zamani wenye gamba la mpira na pamba, ukiukunja gamba likapasuka, badilisha wote. Kuufunga utepe ni kuficha moto. Waya wa gari wenye gamba la plastiki ya PVC usiingie humo, kwani ukiungua moshi wake ni sumu. Chukua waya wa ndege, kwa mfano wenye namba ya kiwango M22759/16, na unene wake ufuate ampea na urefu wa njia.

Vizuizi vya mtetemo vya mpira vinavyoshika dashibodi vikikauka, weka vipya, na urudishe waya wa ethi unaounganisha dashibodi na bodi ya ndege: mpira haupitishi umeme, na wengi huusahau.

Sasa rangi. Dashibodi nyingi za zamani zilikuwa na rangi nyeusi ya makunyanzi. Hutokea kwa kupaka matabaka mazito, la kwanza wima, la pili mlalo, la tatu mshazari, kisha joto la kulingana pande zote. Tabaka jembamba halifanyi makunyanzi, na joto la upande mmoja huacha mabaka. Muda ufuate maelezo ya kopo. Jaribu kwanza kwenye bati la taka.

Vioo vya akriliki vioshe kwa maji na sabuni laini. Asetoni au dawa ya vioo yenye amonia huzaa nyufa ndogondogo zisizotibika.

Kitambaa na sponji za viti viwe na cheti cha jaribio la moto. Mikanda iliyopauka kwa jua ibadilishwe hata kama inaonekana nzima.

Karibu na dira tumia skrubu za shaba nyeupe, si za chuma. Kila kitu kikisharudi mahali pake, rekebisha dira injini ikiwaka na redio zikiwa zimewashwa, usome kila nyuzi 30, na uandike kadi mpya ya makosa yake. Kadi ya zamani haifai tena.