Maswali na Majibu: Pumu ya ngozi, mafuta ya bibi na nywele za mtoto

SWALI: Daktari, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 6, na tangu akiwa mchanga ngozi yake ni kavu na inawasha, hasa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Tulipokuwa Tanga hali ilikuwa ya wastani, lakini tangu tuhamie Dodoma mwezi wa nne amechafuka hadi shingoni, nyuma ya masikio na kwenye ukingo wa nywele. Hospitali waliniambia ni pumu ya ngozi wakanipa tyubu ya krimu. Nikipaka anapona, nikiacha inarudi, nami nimeogopa kuendelea nayo. Sasa namwogesha kwa maji ya mwarobaini, nampaka mafuta ya nazi anayopika bibi yake, na jirani ananishauri mafuta ya zeituni. Je, inawezekana kumtunza kwa tiba za asili peke yake? Na nywele nimfanyeje, maana kila akisukwa rasta anajikuna usiku kucha? Pia amebaki na mabaka meupe usoni. – Mama Z., Dodoma

JIBU: Mama Z., nianze na shingo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisome swali lako mara mbili. Ukurutu, yaani mabaka makavu yanayowasha, wa mikunjo ya viwiko na magoti kwa mtoto wa umri huu ni jambo la kawaida katika pumu ya ngozi. Ukurutu unaofuata ukingo wa nywele, ukapita nyuma ya masikio na kushuka kisogoni, mara nyingi una chanzo cha nyongeza, nacho hutoka kichwani: povu la shampuu linalotiririka, mafuta ya nywele yenye manukato, au rasta zenyewe. Kwa hiyo swali la nywele, ambalo umeliweka karibu na mwisho, mimi naliona kubwa kuliko la mwarobaini, na nitalirudia kwa kirefu.

Ngozi ya mtu mwenye pumu ya ngozi huvuja. Tabaka lake la juu lina upungufu wa mafuta yanayoshikanisha chembe za ngozi, hivyo unyevu wa mwilini hutoka kwa urahisi na vitu vya nje vinavyochokoza huingia kwa urahisi vilevile. Mtoto anawashwa, anajikuna, kucha zinazidi kuichana ngozi, na muwasho unaongezeka. Ugonjwa huu hauambukizi. Umeitwa pumu kwa sababu una undugu na pumu ya kifua na mafua ya mzio, na mara nyingi hupita katika familia zilezile. Sasa mmetoka pwani yenye hewa nzito ya unyevunyevu mkaingia Dodoma, ambako kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni kitendawili, hewa ni kavu na upepo hauishi. Sishangai kwamba amechafuka, na wala si kwamba umekosea kumlea.

Kuhusu tiba za asili, neno "asili" lenyewe halinisaidii kuamua. Upupu ni wa asili, na utomvu wa ganda la korosho pia. Ninachouliza juu ya kila kitu kinachopakwa ni mambo mawili: je, kinaziba pale panapovuja, na je, kina kitu kinachochoma au kunukia? Kwa kipimo hicho mafuta ya bibi yanafaulu. Utafiti uliofanyika Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia kwa wiki 8 watoto wenye ukurutu mdogo na wa kati, na waliopakwa mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto walipata nafuu zaidi kuliko waliopakwa mafuta ya madini. Ya bibi yamepikwa kutokana na tui, kwa hiyo si yaleyale hasa, lakini yakiwa mapya, yamechujwa vizuri, hayana harufu ya kuungua wala ya uchachu na hayakutiwa karafuu au marashi, mpake bila wasiwasi. Usiku wa Juni na Julai huko Dodoma utayakuta yameganda chupani, kwa maana mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kuganda si kuharibika. Toa kidogo kiganjani uyasugue yayeyuke.

Ya zeituni yaache mezani kwa saladi. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuwapaka watu wazima waliojitolea, na ngozi iliyopakwa mafuta ya zeituni ilidhoofika kinga yake ya juu, hata kwa wale ambao hawakuwa na ukurutu. Ya alizeti hayakuleta madhara hayo, kwa sababu yana kwa wingi asidi ya linolei, ambayo ngozi yenyewe huitumia kujijenga, ilhali ya zeituni yana kwa wingi asidi ya olei, inayolegeza tabaka la juu. Nawe uko katika ukanda wa alizeti. Chagua yaliyosafishwa, si yale mazito yanayotoka moja kwa moja kinuni.

Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja, ningechagua mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Hayavutii, yanang'ang'ania nguo, na hakuna anayeyasifia kwa jirani, lakini huziba kuliko mafuta yoyote ya maji, na ni nadra sana kumletea mtu mzio. Waweza kutumia ya nazi mchana na ya mgando usiku. Kosa ninaloliona mara nyingi ni uchache: mtoto mwenye ukurutu wa mwili mzima anahitaji takriban gramu 250 kwa wiki, kwa hiyo kopo la ukubwa huo likikaa mwezi mzima, bado hujaanza kumpaka. Paka angalau mara mbili kwa siku, ukiteremsha kiganja kufuata uelekeo wa vinyweleo, usisugue juu na chini, maana kusugua hivyo huziba vinyweleo na kuleta vipele. Tahadhari moja: nguo na shuka zilizolowa mafuta ya mgando hushika moto upesi, basi asikae karibu na jiko la mkaa wala mshumaa.

Kuoga, mara moja kwa siku kunatosha, kwa maji ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10. Sabuni ya mche na sabuni za dawa zenye harufu kali ziondoe kabisa; sabuni ya kawaida hufika takriban 9 hadi 10 katika pH, kipimo ambacho namba ndogo ni ya uchachu na kubwa ni ya magadi, ilhali ngozi yenye afya hukaa karibu na 5. Akitoka, mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, bila kumfikicha, kisha mpake mafuta kabla dakika 3 hazijapita, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukipata unga laini wa oti, ule wa uji usiotiwa sukari wala ladha, usage tena hadi uwe kama poda, uchanganye kwenye beseni la maji. Marekani iliutambua rasmi mwaka 2003 kuwa kinga ya ngozi, nao hupunguza muwasho kwelikweli.

Mwarobaini una nguvu dhidi ya bakteria, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba maji yake mazito hukausha na kuchoma ngozi iliyochubuka, na mtoto wako tayari ni mkavu. Ningeuacha. Na kwa vyovyote usimnyweshe mafuta ya mwarobaini: yamewahi kuwaletea watoto wadogo sumu ya ubongo. Utomvu wa njano wa shubiri huchoma; ute wake mweupe hupoza, ingawa wengine huwapa mzio. Limau, kitunguu saumu na manjano vibaki jikoni, na limau ni hatari zaidi, kwa kuwa ngozi iliyopakwa limau ikipigwa na jua huungua na kubaki na weusi wa miezi. Chochote kipya, kiwe cha bibi au cha dukani, kijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono wake, penye ngozi nzima, eneo la ukubwa wa sarafu, mara mbili kwa siku kwa siku 7.

Sasa ile tyubu. Hapa jibu langu ni kwamba tiba za asili peke yake hazitatosha wakati ukurutu umeshachachamaa. Mafuta huziba, lakini hayazimi uvimbe wa ndani. Krimu ya steroidi ndiyo inayouzima. Kurudi kwa ugonjwa ukiacha krimu hakumaanishi kwamba krimu ni mbaya. Mara nyingi kunamaanisha kwamba iliachwa siku ngozi ilipoonekana nzuri, wakati mkono ukipita juu yake bado unahisi mparuzo. Soma jina la dawa kwenye tyubu. Kama ni haidrokotisoni ya asilimia 1, ni laini na inafaa usoni na shingoni kwa muda mfupi. Kama ni betamethasoni au klobetasoli, ni kali, isipakwe usoni wala shingoni bila daktari kukuelekeza. Kama ni mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwa pamoja, irudishe ukaulize, maana ukurutu hauhitaji zote tatu. Kipimo ni hiki: krimu inayofunika kuanzia ncha ya kidole chako cha shahada hadi mkunjo wa kwanza ni takriban nusu gramu, nayo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Kinachonitia hofu mimi ni vikopo visivyo na lebo vinavyouzwa kwa jina la dawa ya asili na kuponya kila kitu kwa siku tatu. Mitishamba haifanyi kazi kwa kasi hiyo, na ndani yake mara nyingi mna steroidi kali iliyofichwa.

Tuje kwenye nywele. Rasta ni nyuzi za plastiki, na nyingi huja zimepakwa kemikali ambayo ngozi ya pumu haiivumilii. Ukizilowesha kwenye maji ya moto yenye siki utaona ukungu mweupe ukielea juu. Kuzilowesha na kuzisuuza husaidia baadhi ya watu, lakini kwa mtoto ambaye tayari hapati usingizi singejaribu. Fumua leo. Kwa miezi mitatu asukwe nywele zake mwenyewe, mabutu au twende kilioni iliyolegea, na msusi akikuambia kwamba nywele zisipokazwa hazidumu, mwambie hutaki zidumu. Nyusi zikivutika juu baada ya kusukwa, au vipele vidogo vikitokea kwenye mashina ya nywele, nywele zimekazwa kupita kiasi, na ukingo wa nywele unaovutwa hivyo kwa miaka hauoti tena.

Osha nywele kila baada ya wiki moja au mbili, siyo wakati wa kuoga, bali peke yake, ameinama juu ya beseni ili povu lisiteremke shingoni na mgongoni. Kabla ya kuanza, mpake mafuta ya mgando kwa unene kwenye shingo, nyuma ya masikio na kwenye paji la uso. Povu litateleza juu yake. Shampuu iwe isiyo na manukato wala salfeti (kemikali kali ya kutoa povu), uizimue kwenye kikombe cha maji, usuuze hadi maji yatoke safi. Chanua kwa kitana chenye meno mapana nywele zikiwa bado na maji na kondishena isiyo na harufu. Mafuta yapake kwenye nywele, usiyamwage kichwani: kama ana mba wa manjano wenye mafutamafuta, kuulisha mafuta huuongeza. Dawa ya kulainisha nywele isahau kabisa, na arusi zikifika, hina nyekundu halisi anaweza kuvumilia, lakini piko hapana. Weusi wake mara nyingi hutokana na kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kumletea malengelenge, na mzio huo ukishaingia hauondoki maishani.

Kama huvaa ushungi wa madrasa, uwe wa pamba, usuuzwe mara mbili, na usifungwe kwa pini inayogusa ngozi ya kidevu, kwa sababu nikeli iliyomo huleta ukurutu mahali palepale.

Angalia pia kama kichwani kuna mabaka ya duara yenye nywele zilizokatika. Hayo huenda ni mapunye, na mapunye hayaponi kwa kupaka. Huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa. Na kama wengine nyumbani wanawashwa usiku, fikirieni kwanza upele, ule wa kuambukiza.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo ukiona maganda ya rangi ya asali au usaha, na bila kungoja asubuhi ukiona malengelenge madogo yanayofanana, yamejikusanya na kupasuka kama yametobolewa, hasa akiwa na homa: hivyo ndivyo virusi vya malengelenge ya mdomo vinavyojionyesha kwenye ngozi ya ukurutu, na mtu mwenye malengelenge hayo mdomoni asimbusu mtoto huyu. Mayai, maziwa na samaki usimkatie kwa kukisia. Ukienda kliniki, weka kwenye kikapu kila unachompaka, pamoja na shampuu, mafuta ya nywele na chupa ya bibi, ukimwage mezani. Mimi hujifunza zaidi kutoka kwenye kikapu hicho kuliko kutoka kwenye maelezo.

Mabaka meupe ya usoni mara nyingi hayaletwi na krimu, ingawa wengi huamini hivyo. Kwa kawaida ni alama ambazo ukurutu huacha kwenye ngozi nyeusi unapotulia, nazo huonekana zaidi pale ngozi inayozunguka inapochomwa na jua. Hayahitaji dawa ya kurudisha rangi. Mpake mafuta, mvalishe kofia ya ukingo mpana anapokwenda shule, na yape miezi.