Trei ya mayai, vifuniko vya chupa na imla ya darasa la kwanza

Mtoto wa darasa la kwanza hapaswi kuogopa imla. Nimewaona wengi, wanangu wa kuwazaa na watoto wa majirani wanaokuja barazani kwetu Jumamosi, wanaosimulia kisa cha sungura na fisi mwanzo hadi mwisho bila kukwama, lakini ukiwaambia "andika kondoo" penseli haisogei. Akili wanazo tele. Ninachoamini ni kwamba wanahitaji kulishika neno kwa mikono, walivunje na kuliunga, kabla ya kuliandika daftarini.

Kiswahili kimeturahisishia kazi: a ni a popote utakapoikuta, na mtoto husikia neno kwa vipande, ka-la-mu. Kwa hiyo mimi sichezi na herufi mojamoja, nacheza na silabi. Hilo ndilo lililobadilisha mambo nyumbani kwetu.

Chukua trei ya mayai 30. Ina mashimo matano upande mmoja na sita upande wa pili, kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya irabu zetu tano. Kusanya vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, andika silabi juu yake kwa makapeni, uvipange: ba be bi bo bu, safu inayofuata ka ke ki ko ku, hivyo hivyo hadi trei ijae. Vizibo vya soda vya bati sivipendi, meno yake yanakwaruza vidole. Na kama nyumbani kuna mdogo ambaye bado anatia kila kitu mdomoni, trei ikae juu ya kabati mchezo ukiisha.

Mtoto anarusha punje ya hindi. Ikiangukia "ki", anaisoma, kisha anatafuta neno lenye "ki" na kulijenga mkekani kwa vifuniko: ki-ti, ki-ko-mbe. Hapo kwenye "mbe" ndipo raha inapoanza, kwa kuwa trei haina "mbe". Mwache ahangaike kidogo. Atajaribu "be", mtalisoma pamoja "kikobe", mtacheka, naye mwenyewe ataomba kifuniko kipya.

Sauti hizi za mb, nd, nj na ng zinawasumbua sana wadogo. Wanaandika "buzi", "kodo", "goma". Dawa yangu ni pua. Mwambie ajibane pua kwa vidole viwili aseme "mbuzi", halafu aseme "buzi". Kwenye "mbuzi" atasikia sauti inagoma kutoka. Basi ile inayogoma ndiyo m anayoisahau. Watoto wanaupenda mchezo huu kupita yote, na utawakuta wakijibana pua hata wakiwa peke yao na daftari.

Kwa irabu pacha tunatumia miguu. Chora viboksi chini kwa mkaa au kijiti, kila silabi kiboksi kimoja, mtoto aruke huku akitamka. Ko-ndo-o ni miruko mitatu, sa-a ni miwili, vi-tu-ngu-u ni minne. Akiandika "vitungu", usimwambie amekosea. Mwambie aruke alichoandika. Miguu itamwonyesha kiboksi kimoja kimebaki. Njia hiyohiyo inasaidia kwenye "mtoto", ambalo wengi huandika "mutoto": m ina mruko wake, ila midomo lazima ibaki imefumbwa.

Kuna sauti ambazo mtoto wa pwani anazo tayari kinywani, ila kwetu bara inabidi azitafute. Fedha inakuwa "feza", thelathini inakuwa "selasini". Hapa nataka kioo kidogo. Ncha ya ulimi ikionekana kati ya meno, ni dh au th. Isipoonekana, ni z au s. Kisha aweke kiganja kooni: koo likitetema ni dh, likinyamaza ni th.

Na l na r? Tafadhali tusiwacheke watoto kwa hili. Lugha nyingi za nyumbani hazitenganishi sauti hizo mbili, kwa hiyo mtoto anajifunza jambo jipya kabisa. Sisi huchora picha mbili: kalamu ukuta huu, karamu yenye sahani za pilau ukuta ule. Ninataja neno, wanakimbilia picha. Baadaye wao wanakuwa watajaji, mimi nakimbia. Wakinipeleka kwenye pilau wakati walitaka kalamu, wanajirekebisha wenyewe bila kusemwa.

Yote haya lazima yafike kwenye kuandika. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 uliweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na K ya kuandika haipatikani kwa kuruka viboksi pekee. Kwa wenye vidole dhaifu ninaanza na sinia la mchanga mkavu au unga uliokandwa kwa chumvi, vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo mpaka ushikane. Wafinyange neno kwanza, penseli baadaye.

Kisha tunafungua duka. Makopo matupu, kokoto ndizo pesa. Mteja anaandika orodha kwenye karatasi, muuzaji anauza kile tu kilichoandikwa. Ukiandika "mucele" hupati mchele, unaambiwa kwa heshima, "Mteja wangu, hiyo bidhaa hatuna." Mteja anarudi kando, anatamka, anajibana pua ikibidi, anaandika upya. Hakuna kalamu nyekundu wala kofi, na neno linasahihishwa kwa sababu mwenye nalo analihitaji.

Dakika kumi na tano zinatosha kwa siku. Funga duka wakati bado wanataka kununua, na kesho mwachie mtoto mzito wa kuandika kuliko wote awe muuzaji, kwa sababu muuzaji ndiye anayesoma orodha za wote.