Mtoto wa miaka 14 hajui atakuwa nani? Mimi nilijua nikiwa na miaka 5, na ndiyo iliyoniponza

Dada uliyeleta mada, nimeusoma uzi wako mara mbili. Umesema kijana wako ana miaka 14, mwaka juzi alitaka urubani, mwaka jana akawa mchoraji, sasa ukimuuliza anainua mabega tu, na shule inamtaka achague masomo. Baba yake anaona ni uvivu. Nikujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, maana huyo wako hanitishi sana. Wa kutisha nilikuwa mimi.

Nikiwa na miaka mitano mjomba aliniletea kifaa cha plastiki cha kuchezea, kile cha kusikilizia moyo. Nikampima bibi nikamwambia, "Bibi, moyo wako umelala." Watu walicheka hadi machozi, na tangu siku hiyo jina langu likawa Dokta. Wageni wakija, "Dokta, njoo usalimie." Nikifeli mtihani, "Dokta gani huyu?" Hakuna aliyenishurutisha, na hapo ndipo mtego ulipokuwa: sikujua kama kuna kitu cha kuchagua. Ungeniuliza nikiwa na 10, 13 au 16, jibu ni lile lile. Walimu wakanisifu kwamba najitambua!

Kuna mwanasaikolojia, James Marcia, ambaye mwaka 1966 aliwapanga vijana kwa maswali mawili tu: je, umehangaika kutafuta? Na je, umeshika msimamo? Ukiyachanganya unapata watu wanne. Kuna ambaye hajatafuta wala hajashika lolote. Kuna anayetafuta na bado hajashika. Kuna aliyetafuta mpaka akashika. Na kuna aliyeshika bila kutafuta, kapokea cha wakubwa kama kilivyo. Huyo wa mwisho ndiye mimi, na ubaya wake ni kwamba kwa nje hana tofauti na aliyetafuta akapata. Wote wanajibu haraka.

Nikiwa na miaka 17, wakati wa likizo, nilipelekwa kusaidia kwenye zahanati moja. Damu haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba kufika mgonjwa wa tatu nilishaanza kuangalia saa. Halafu nikaliona daftari la mapokezi. Mistari imepinda, umri umeingia kwenye safu ya tarehe, mtu mmoja kaandikwa mara mbili. Nikaomba rula. Nikachora safu upya, nikaanza kuhesabu: wangapi walikuja na homa, wiki ipi, watoto wa umri gani. Muuguzi akaja kuniita nikale, nikamwambia nakuja. Sikwenda. Niliinua kichwa kukiwa kunafungwa.

Siku ile sikuelewa nilichoonyeshwa. Nilielewa baada ya miaka miwili ya chuo ya kujiburuza, ndipo nikahamia takwimu, na ndiyo kazi yangu mpaka leo. Kubadili masomo hakukuniuma kama lile jina. Mama alikaa karibu mwaka mzima hajui aniiteje.

Turudi kwa kijana wako. Ginzberg na wenzake, waliotafiti jinsi watu wanavyochagua kazi, mwaka 1951 waliandika kwamba hadi kama miaka 11 mtoto yuko kwenye ndoto tu, anakuwa rubani asubuhi na mfalme jioni. Kuanzia hapo hadi kama 17 anajaribisha: kwanza anaangalia anachopenda, baadaye anachokiweza, kisha anachokithamini. Baada ya hapo ndipo anaanza kupatana na hali halisi. Mtafiti mwingine wa mambo hayo, Donald Super, yeye aliweka kipindi cha kutafuta kuanzia kama miaka 15 hadi 24. Kwa hesabu hiyo mwanao hata zamu yake haijafika, ingawa umri huu si ratiba ya treni, usimpimie kwa saa.

Ila kitu kilichonifungua macho zaidi si hicho. Ni alichoandika mtafiti Linda Gottfredson mwaka 1981: kwamba kabla mtoto hajaanza kuchagua kazi, anakuwa ameshafuta nyingine kichwani. Kati ya miaka 3 na 5 anajifunza kwamba kazi ni mambo ya wakubwa. Kati ya 6 na 8 anafuta zile anazoona ni za jinsia nyingine. Kati ya 9 na 13 anafuta zinazodharauliwa, na zile anazohisi ziko juu mno kwake. Akifika 14 ndipo anajiuliza "mimi hasa napenda nini?", na anajiuliza mbele ya orodha iliyokwisha kukatwakatwa.

Nilidhani ni nadharia tu mpaka nikaiona kwa binti yangu. Akiwa na miaka sita alikuwa halali bila bisibisi. Alifungua redio, saa, hata kufuli. Akiwa na minane akaiweka chini, akaniambia, "Baba, hiyo ni ya wavulana." Nyumbani hakuna aliyewahi kusema hivyo, naapa. Baadaye nikasoma kuhusu mtafiti David Chambers, aliyechapisha mwaka 1983 matokeo ya kuwataka watoto 4,807 wachore mwanasayansi. Waliochora mwanamke ni 28, na wote walikuwa wasichana. Hakuna mvulana hata mmoja!

Sikubishana naye. Nilimtafuta fundi wa kike wa vifaa vya umeme, nikamwomba akae naye nusu siku. Alirudi vidole vina alama ya kuungua na mdomo haufungi, ni lehemu hivi, lehemu vile. Sasa ana 13. Ukimuuliza atakuwa nani anasema hajui, lakini bisibisi imerudi mezani. Mimi hilo linanitosha.

Kwa hiyo mabega ya mwanao usiyasome peke yake. Je, bado anachora hata bila kuombwa? Kama ndiyo, huyo anatafuta, mwache atafute. Kama ameacha kila kitu, hapo ndipo ningekaa naye, na swali langu lisingekuwa "unataka kuwa nani". Ningemuuliza ni kazi gani amezifuta na kwa nini. Urubani ulikufaje? Alichoka nao, au kuna mtu alimcheka?

Na hayo masomo, chagueni pamoja yale yanayofunga milango michache. Hisabati, kwa mfano, ukishaiacha kuirudia ni shughuli pevu, nimeona watu wazima wakiililia. Uchoraji anaweza kuuendeleza jioni hata kama haumo kwenye ratiba.

Baba yake mwambie asimpe jina. Hata la sifa.

Ukishamuuliza hilo la urubani, rudi utupe mrejesho.