Tela la kulala la zamani: tulinunue?

SWALI: Nimeonyeshwa tela la kulala la miaka ya 1970, kilo 900 likiwa tupu. Gari letu linaruhusiwa kuvuta kilo 1,500. Tuko watano, tunataka kufika nalo Kigoma. Linafaa? Msomaji, Tabora.

JIBU: Kwa uzito linafaa, mkipakia kilo 300 tu, kumbukeni lita 100 za maji ni kilo 100. Adui ni mvua. Chomeka bisibisi sakafuni pembezoni na chini ya madirisha. Ikizama, mbao zimeoza, achaneni nalo. Tairi lenye tarakimu 2315 ni la wiki ya 23, mwaka 2015: badilisheni, hata kama kashata (meno ya tairi) ni nzima. Beringi zioshwe, zitiwe grisi mpya. Mizigo mizito ikae juu ya ekseli, na ndoano ya gari ibebe kilo 120 hivi. Ikibeba pungufu, tela huyumba. Watoto wasipande humo safarini, tafadhali.