Keneli ya muda mrefu: nibaki au nipande?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Naendesha seva ya Linux yenye keneli (kiini cha mfumo) 6.12, wenzangu washahamia namba za juu zaidi, je nami nipande au nitulie?

JIBU: Nzuri ndugu msomaji. Tulia hapo hapo. Keneli mpya inatoka kila wiki 9 au 10 hivi, na toleo la kawaida linaachwa muda mfupi tu baada ya linalofuata kutoka, ila karibu kila mwaka kuna moja linateuliwa litunzwe miaka, na hiyo 6.12 ya Novemba 2024 ni mojawapo. Watunzaji, akina Greg Kroah-Hartman na Sasha Levin, wanachukua marekebisho ya bagi (hitilafu) na usalama kutoka keneli mpya wanayarudisha kwenye hiyo yako, mambo mapya kwa kawaida hawaleti, na kwa seva hilo ndo tunalolitaka!

Lakini kutulia sio kuacha kuapdeti, tafadhali sana. Ile namba ya tatu inayofuata 6.12 (mfano 5 kwenye 6.12.5) ikipanda, weka apdeti halafu uwashe mashine upya, maana usipowasha upya bado unatumia keneli ileile ya zamani yenye matundu yake ya usalama, na wengi hapa ndo wanaponasa. Kama keneli umeipata kwa wasambazaji wa Linux kama Debian au Ubuntu basi fuata apdeti zao.

Sababu ya kupanda ni kifaa kipya ambacho draiva yake (programu ya kukiendesha) haimo kwenye keneli yako, au muda wa matunzo kukaribia kuisha, na tarehe hizo zipo kernel.org, ziangalie mapema kwa sababu hazilingani, keneli 4.14 ilitunzwa miaka 6 ila siku hizi wanaanza na 2 tu.